Askari Alikuwa Lindoni, Karatasi ya Kodi Ikapita

Majuma machache yaliyopita alitujia ofisini sajini mmoja, mtu wa makamo, mwenye nidhamu na maneno machache. Alipiga saluti, akavua kofia, kisha akatoa mfukoni bahasha iliyokunjwa mara nne. "Afande," alisema, "miaka yote nimeambiwa kwamba askari halipi kodi. Sasa hii ni nini?"

Tuliikunjua. Ilikuwa hati ya madai ya kodi ya majengo, kutoka halmashauri ya mji mmoja wa mashariki ambao hatuutaji, maana habari yake bado haijaisha. Mle ndani palitajwa kiwanja cha sajini, kikaorodheshwa kuwa na majengo mawili: safu ya vyumba sita vya kupangisha, na nyumba kubwa ambamo mkewe na watoto wake wanaishi. Yote mawili yalitozwa. Tarehe zilitueleza mengine. Orodha ya uthamini ilibandikwa na kutangazwa wakati sajini alipokuwa Somalia, na muda wa kupinga ulikwisha kabla hajarejea nyumbani. Mkewe aliwaona watu wawili wakipima ukuta kwa utepe. Alidhani ni watu wa umeme.

Tuliona kwamba habari hii si ya mtu mmoja. Wako askari jeshi, polisi na magereza wengi ambao kwa akiba yao, au kwa kiinua mgongo, wamejenga pembezoni mwa Jinja na Mbale vile vyumba vya safu ambavyo wenyeji huviita mizigo. (Msomaji wa pwani asishangae; huku kwetu mzigo si furushi la kubeba kichwani, ni chumba kimoja cha kupanga, ingawa kwa mwenye kudaiwa kodi maana zote mbili huweza kukutana.) Wengi wao hawajui jengo lao limeandikwa wapi, limekadiriwa kwa kiasi gani, wala ni nani wa kumwendea wakiona wameonewa. Kwa hiyo tumeona yafaa tuandike.

Askari na msamaha wake

Sajini hakuwa amekosea kabisa. Alikuwa na nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli mara nyingi humgharimu mtu zaidi kuliko ujinga mtupu.

Sheria ya kodi ya mapato ya Uganda imeusamehe mshahara wa mtu aliyeajiriwa katika majeshi, katika Polisi na katika Magereza, isipokuwa wale walioajiriwa humo kwa kazi za kiraia. Ndiyo maana karatasi ya mshahara ya askari haina lile kato analolijua mwalimu au mganga. Vilevile, kodi ya huduma za serikali za mitaa, ambayo iliingizwa mwaka 2008 na ambayo kwa mwenye mshahara mkubwa haizidi shilingi 100,000 kwa mwaka, imewasamehe askari jeshi, polisi, askari magereza, walinzi wa mitaa, wasio na kazi, na wakulima wadogo. Misamaha hiyo miwili ni ya kweli, na askari ana haki ya kuidai.

Lakini hebu tuangalie kwa makini ni kitu gani kilichosamehewa. Umesamehewa mshahara. Imesamehewa kazi ya kubeba silaha. Hakuna mahali popote sheria iliposema kwamba nyumba ya kupangisha imesamehewa kwa sababu mwenye nyumba ana cheo begani. Kodi ya majengo haimtazami mtu; hulitazama jengo. Ukuta hauna sare. Hapo ndipo sajini wetu alipojikwaa, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa, hasa wale walioambiwa na mwenzao kantini kwamba "ukimwonyesha kitambulisho atakwenda zake." Mtoza kodi akienda zake, deni halikwenda naye. Limebaki katika daftari, na riba inaongezeka juu yake.

Kodi katika nchi hizi mbili za mashariki

Mbale na Jinja zina historia ndefu na kodi, na historia hiyo inawahusu watu wenye bunduki zaidi kuliko wanavyodhani.

Mkataba wa Buganda uliotiwa sahihi tarehe 10 Machi 1900 uliweka kodi ya kibanda ya rupia 3, na rupia 3 nyingine kwa mwenye bunduki. Kodi ya kibanda ilienea mashariki pamoja na utawala, na aliyeufungua mlango wa mashariki alikuwa jemadari Semei Kakungulu, yule Mganda aliyeiingia Bukedi na askari wake na ambaye mji wa Mbale ulikua kuizunguka ngome yake. Mwaka 1906 Waingereza walimhamishia Busoga awe rais wa baraza la machifu, akakaa huko hadi 1913. Hivyo mtu mmoja aliacha alama yake katika miji yote miwili tunayoizungumzia. Kodi ile ilikuwa nyepesi kuikadiria: hesabu vibanda, zidisha kwa tatu. Lakini watu si wajinga. Sehemu nyingi za Uganda watu walisongamana katika vibanda vichache ili walipe kidogo, na serikali ikaona ni heri kuhesabu vichwa vya wanaume kuliko mapaa ya nyasi. Ndipo kodi ya kichwa ilipotokea, na baadaye ile iliyopimwa kwa kadiri ya mali ya mtu.

Hii ya kupimwa ndiyo iliyoleta machungu. Aliyepima alikuwa chifu na kamati yake. Alitazama ng'ombe wako, mashamba yako, pengine na sura yako, kisha akakupa daraja. Januari 1960 machafuko yalizuka Bukedi, yakaenea hadi Bugisu. Watu waliwageukia machifu, nyumba na maboma yao yakachomwa, polisi wakafyatua risasi, na watu wakapoteza maisha. Tume ya uchunguzi iliundwa mwaka huo huo. Yafaa afisa kijana wa polisi aliyepangiwa kazi Mbale leo ajue jambo hili: watu wale hawakuwa wamechoka na kodi tu. Walichoka kukadiriwa na mtu ambaye hapakuwa na njia ya kweli ya kumpinga. Aliyekadiria alikuwa ndiye mtozaji, na mara nyingi alikuwa ndiye hakimu.

Kodi ile iliendelea baada ya Uhuru, katika serikali moja baada ya nyingine. Wazee wetu wa kazi wanakumbuka vizuizi vya barabarani ambapo mwanamume aliulizwa tikiti ya kodi kabla ya kuulizwa jina, na misako ya alfajiri ambapo wenye madeni walikimbilia kwenye migomba. Polisi wa serikali za mitaa walitumiwa sana katika kazi hiyo, na tusifiche: haikuwaletea mapenzi ya wananchi. Mwaka 2005 kodi hiyo ilisimamishwa, na halmashauri nyingi zikajikuta zimepoteza tegemeo lao kubwa la mapato. Mwaka huo huo ilipitishwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya Utozaji wa Kodi ya Majengo. Hiyo ndiyo sheria iliyokuwa nyuma ya bahasha ya sajini.

Mji uliomfuata mkulima

Tarehe 1 Julai 2020 Jinja na Mbale zilipandishwa hadhi kuwa majiji. Sherehe zilifanyika, vibao vikapakwa rangi mpya. Lakini jambo zito zaidi lilikuwa mpaka. Jiji la Jinja, ambalo sasa lina tarafa mbili, ya Kusini na ya Kaskazini, lilizimeza Mafubira, Bugembe na Budondo. Jiji la Mbale, lenye Tarafa ya Viwanda na Tarafa ya Kaskazini, lilienea hadi Nakaloke na Namanyonyi. Katika sehemu hizo mtu anaweza kulala mkulima na kuamka raia wa jiji, bila kusogeza kitanda.

Kwa askari wetu wengi, huko ndiko walikonunua viwanja kwa sababu vilikuwa rahisi. Sasa wanauliza: je, migomba yangu itatozwa? Kahawa je? Jibu ni kwamba kodi hii ni ya majengo. Shamba lenyewe, na kiwanja kitupu kisichojengwa, si jengo. Ardhi ya kimila haitozwi kodi hii kwa kuwa ni ardhi. Nyumba za ibada, makaburi, na majengo ya taasisi za hisani zenye kuhudumia umma yamo katika orodha ya misamaha. Lakini msamaha mkubwa kuliko yote, na unaowagusa watu wengi zaidi, ulikuja mwaka 2006 sheria ilipofanyiwa marekebisho: nyumba ya makazi anayokaa mwenyewe mwenye nyumba haitozwi kodi ya majengo.

Msomaji na arudi sasa kwenye karatasi ya sajini. Vyumba sita vimepangishwa. Kodi ni halali. Nyumba kubwa inakaliwa na familia yake. Kwa nini iliandikwa? Huenda mthamini alipofika hakumkuta mwenye nyumba, akaambiwa "mwenyewe hayupo," naye akaandika neno hilo kama lilivyo. Mwenyewe hayupo! Mke wa askari hujibu hivyo kila siku kwa kila mgeni, na ni jibu la kweli. Sisi tunaona kwamba mtu aliyepelekwa na nchi yake nje ya mipaka hajaihama nyumba yake, na mkewe na wanawe waliomo humo ndio ukaaji wake. Lakini maoni yetu si muhuri. Jambo hili lazima liandikwe, lipelekwe panapohusika, lithibitishwe.

Jinsi ya kulitafuta jengo lako katika daftari

Mambo matatu huchanganywa sana, na uzoefu wetu umetuonyesha kwamba nusu ya malalamiko huisha yakitenganishwa.

La kwanza ni umiliki wa ardhi. Habari za hati za ardhi zilizosajiliwa hutafutwa katika ofisi za kanda za wizara ya ardhi, na kwa bahati nzuri Jinja inayo ofisi hiyo na Mbale inayo. Mwenye ardhi ya mkataba wa miaka, kwa mfano 49, hulipa pango la ardhi kwa mwenye ardhi hiyo, ambaye aghalabu ni bodi ya ardhi. Hilo pango si kodi ya majengo. Risiti ya moja haifuti deni la jingine. La pili ni kodi ya majengo yenyewe, ambayo ni ya halmashauri, nayo habari zake zimo katika orodha ya uthamini. La tatu ni kodi ya mapato ya pango, ambayo ni ya Mamlaka ya Mapato, URA. Tutaifikia.

Orodha ya uthamini hutengenezwa na mthamini aliyesomea kazi hiyo, na sheria inataka itengenezwe upya kila baada ya miaka 5. Majengo mapya na yaliyobadilishwa huongezwa kwa orodha ya nyongeza. Ikiisha kuandaliwa kama rasimu huwekwa katika ofisi za halmashauri ili kila mtu aione, na tangazo hutolewa. Kuiona ni haki yako. Huhitaji wakili, wala huhitaji kumjua mtu. Ukifika, angalia jina lililoandikwa. Angalia namba ya kiwanja na mtaa. Angalia idadi ya majengo na vyumba. Angalia matumizi yaliyoandikwa, kama ni makazi au biashara, na kama ni ya mwenyewe kukaa au ya kupangisha. Kisha ndipo uangalie fedha. Watu wengi huanza na fedha, wakakasirika, wakaondoka bila kusoma mengine, kumbe kosa lilikuwa katika mstari wa juu.

Katikati ya Jinja kuna ugumu mwingine ambao mgeni hauoni. Agosti 1972 Waasia walipewa siku 90 waondoke nchini, na mali zao zikaangukia mikononi mwa bodi ya kusimamia mali zilizoachwa. Sheria ya 1982 ikafungua njia ya kuzirudisha. Basi jengo moja la barabara kuu laweza kuwa na jina la mzee aliyelijenga, na jina la aliyegawiwa, na jina la anayekusanya pango leo. Askari anayetaka kununua au kupanga duka katika jengo la namna hiyo na asifanye haraka. Aulize ofisi ya ardhi mwenye hati ni nani, na aulize halmashauri deni la kodi ya majengo ni kiasi gani, kabla ya kuhesabu noti. Tumewaona wastaafu walioshikwa na madeni ya watu waliokwisha ondoka.

Hesabu

Kodi hii haikadiriwi kwa bei ya kuuzia nyumba. Mthamini hujiuliza: jengo hili likipangishwa kwa mwaka, lingeleta pango kiasi gani? Hiyo ni thamani ghafi. Hutoa humo gharama za matengenezo, bima na mambo mengine ya lazima ya kuliweka jengo katika hali yake. Kinachobaki ndicho thamani ya kutozwa. Halmashauri hutoza asilimia fulani ya kiasi hicho, na sheria imeweka kikomo cha asilimia 12.

Tuchukue mfano tulioutunga wenyewe ili hesabu ionekane. Vyumba sita, kila kimoja shilingi 100,000 kwa mwezi, huleta 600,000 kwa mwezi, yaani 7,200,000 kwa mwaka. Tuseme mthamini ametoa robo kwa gharama, zabaki 5,400,000. Tuseme halmashauri inatoza asilimia 6. Kodi ni 324,000 kwa mwaka. Sasa ongeza nyumba kubwa ambayo ingepangishwa kwa 250,000 kwa mwezi. Thamani ghafi yapanda hadi 10,200,000. Baada ya kutoa robo zabaki 7,650,000. Kodi ni 459,000. Tofauti ni 135,000. Kwa miaka 5 ambayo orodha inadumu, ni 675,000, fedha ambazo mtu mwenye watoto shuleni anazijua uzito wake, na zote zimetokana na neno moja lililoandikwa mahali pasipo pake.

Tazama pia kwamba hesabu yote imesimama juu ya pango. Mthamini akiandika 150,000 kwa chumba ambacho wewe hupata 100,000, kila kitu kinachofuata kitakuwa juu kwa nusu. Kwa hiyo silaha ya mwenye nyumba ni daftari la pango: mikataba ya wapangaji, risiti ulizowapa, na mapango ya nyumba za jirani zilizo sawa na yako. Miezi ambayo vyumba vilikaa vitupu iandikwe. Mwenye nyumba asiyetoa risiti kwa wapangaji wake, kwa kuogopa kodi, hujinyima mwenyewe ushahidi siku anapouhitaji.

Kupinga

Rasimu ikiisha kutangazwa, mwenye kutoridhika ana siku 30 za kupeleka pingamizi kwa maandishi. Siku 30 si nyingi. Kwa mtu aliye Karamoja, au aliye nje ya nchi, ni kama hazipo. Hapa tunaona pana upungufu, na hatuoni haya kuusema katika ukurasa huu: tangazo lililobandikwa mlangoni mwa ofisi ya jiji halimfikii aliye kwenye handaki. Hatuombi upendeleo. Ingetosha ofisi za ustawi wa familia kambini, pale Jinja na pale Bugema, Mbale, zipate nakala ya tangazo kila orodha mpya inapotoka, na lisomwe gwaride la asubuhi.

Wakati huo haujafika, na askari lazima ajikinge mwenyewe. Kabla ya kwenda safari ndefu, ampe mkewe, au mumewe, au ndugu anayemwamini, hati ya uwakili iliyotiwa sahihi mbele ya mwanasheria, yenye kutaja kiwanja hicho na kazi hiyo. Amwachie nakala za karatasi za ardhi. Na amfundishe kwamba mtu akija na utepe wa kupimia, asimfukuze wala asimwogope. Aombe kitambulisho chake, aandike jina na tarehe, na amweleze kinaganaga nani anakaa katika nyumba ipi.

Pingamizi lenyewe halitaki maneno ya kishujaa. Litaje namba ya jengo kama ilivyo katika orodha, liseme kosa ni lipi, liseme lipi ndilo sahihi, liambatishe ushahidi. "Kodi ni kubwa mno" si pingamizi, ni kilio. "Nyumba namba fulani imeandikwa ya kupangisha, kumbe ni makazi ya familia yangu, na barua ya mwenyekiti wa kijiji imeambatishwa" hilo ni pingamizi. Peleka nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, nayo urudi nayo nyumbani. Mashauri haya husikilizwa na mahakama ya uthamini, ambayo imewekwa na sheria hiyo hiyo. Si mahakama ya jinai, na hakuna anayekwenda rumande. Mwenye nyumba husema yake, mthamini husema yake, mahakama huamua kupunguza, kuongeza au kuacha kama ilivyo. Asiyeridhika bado ana mlango wa Mahakama Kuu. Tofauti kati ya mambo haya na yale ya 1960 ni kwamba aliyekadiria si tena mwenye neno la mwisho. Lakini tofauti hiyo haimfai mtu asiyefika.

Jambo moja zaidi kwa wenye vyeo. Afisa anapokwenda kupinga, aende na nguo za kiraia. Mahakama ile haina haja ya kujua ana nyota ngapi, na mwananchi aliyeketi benchi moja naye asije akafikiri kwamba shauri limeamuliwa kabla halijasomwa.

Kulipa, na yule mtoza kodi wa pili

Kulipa siku hizi ni rahisi kuliko kupinga. Mlipaji hupewa namba ya usajili wa malipo, akaenda nayo benki au akalipa kwa simu. Asimpe mtu fedha mkononi, hata akiwa na kitabu cha risiti na sauti nzuri. Anayeshindwa kulipa kwa mkupuo mmoja aende aseme mapema, akubaliane kwa maandishi. Aliyekaa kimya atakuta riba, na halmashauri yaweza kuwaagiza wapangaji wake wapeleke pango huko badala ya kwake. Hakuna fedheha inayozidi ile ya kwenda kudai pango na kuonyeshwa risiti ya mwingine.

Kuhusu URA tutasema kwa ufupi. Mtu binafsi mwenye mapato ya pango hulipa, tangu Julai 2022, asilimia 12 ya kiasi kinachozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, bila kutoa gharama. Kwa mfano wetu wa 7,200,000, inayozidi ni 4,380,000, na kodi yake ni 525,600. Hii haina uhusiano na mshahara uliosamehewa. Pingamizi lake hupelekwa kwa URA kwenyewe ndani ya siku 45 tangu kupata hati ya makadirio. Asiyeridhika na jibu huenda Baraza la Rufani za Kodi ndani ya siku 30, na huko hutakiwa kwanza kulipa asilimia 30 ya kodi inayobishaniwa. Siku 30 za halmashauri na siku 45 za URA zisichanganywe. Tumeshuhudia mtu akizichanganya, akapoteza zote mbili.

Wako watakaouliza fedha hizo zinakwenda wapi. Sheria imejibu: halmashauri inatakiwa kutumia si chini ya asilimia 75 ya kodi ya majengo inayokusanya katika huduma za walipaji wenyewe, yaani barabara, taa za mitaani, mifereji ya kuzuia malaria, uzoaji wa taka, mipango ya mji. Mlipaji ana haki ya kuuliza juu ya hiyo asilimia 75, na anayeshika risiti huuliza kwa sauti iliyonyooka. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale, ikaua watu zaidi ya 20 na kuzibeba nyumba. Wenzetu wa jeshi na polisi walikuwa miongoni mwa waliokwenda kuopoa miili katika matope. Mvua ile hakuna mfereji ambao ungeizuia yote. Hata hivyo, aliyesimama kwenye tope lile haoni tena kwamba mfereji ni jambo dogo la makarani.

Sajini wetu tulimsaidia kuandika barua. Muda wa pingamizi ulikuwa umepita, kwa hiyo hatukupinga thamani ya vyumba sita. Aliilipa kwa namba, akapata risiti. Kuhusu nyumba kubwa tuliandika kwamba yeye haombi kupunguziwa thamani, bali anaijulisha halmashauri kwamba jengo hilo limesamehewa na sheria tangu 2006, na anaomba liondolewe katika orodha. Aliambatisha barua ya mwenyekiti wa kijiji, barua ya mkuu wa kikosi chake kuonyesha tarehe za safari, na kadi za shule za watoto zenye anwani ya nyumba hiyo. Ilipokelewa, ikagongwa muhuri. Aliahidiwa kwamba mthamini atarudi kuikagua.

Likizo ya sajini ilikwisha kabla mthamini hajafika. Nakala yenye muhuri ameiacha kwa mkewe, katika sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na hati ya uwakili. Na mama huyo sasa anajua la kusema akiulizwa mwenye nyumba yuko wapi. Atasema: "Mwenye nyumba ni mimi na mume wangu. Karibu, ingia, uone tunavyoishi."